Bootstrap 5 na Nginx kwenye fomu ya maombi: nani anakwambia kosa liko wapi?

Kazi yangu ni fomu. Fomu za maombi ya kujiunga, za usajili wa wanachama, za kuwasilisha malalamiko. Zile ndefu zenye jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya simu, na mwishoni mahali pa kuambatisha picha au cheti. Nazipanga kwa Bootstrap 5, mkusanyiko wa CSS na JavaScript wa kupanga kurasa za wavuti, na kuziweka kwenye seva ya Linux inayoendesha Nginx, programu inayopeleka kurasa kwa vivinjari, na PHP, lugha inayochakata fomu iliyotumwa. Bootstrap na Nginx ni programu huria, zimeenea dunia nzima, na sifa zao zimeshaandikwa vya kutosha. Hapa nazipima kwa jambo moja tu: mambo yakiharibika, je, chombo kinamwambia mhusika kosa liko wapi? Kwa Bootstrap, mhusika ni yule anayejaza fomu. Kwa Nginx, mhusika ni mimi ninayeangalia seva.

Nianze na Bootstrap. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2011, kazi ya Mark Otto na Jacob Thornton walipokuwa Twitter, na toleo la 5 likatoka Mei 2021. Toleo hilo lilitua mizigo miwili ambayo siililii: jQuery, maktaba ya zamani ya JavaScript, na kuhudumia Internet Explorer. Liliondoa pia klasi za fomu (majina unayoandika kwenye HTML ili kisanduku kipate mtindo wake) ambazo mafunzo mengi ya zamani bado yanazitaja, yaani form-group, form-row na form-inline. Ukizibandika leo hazitoi kosa lolote. Kivinjari kinazipita kana kwamba hazipo, na visanduku vinabanana bila nafasi katikati. Kwa hiyo mtu akiniletea fomu iliyokaa vibaya, nauliza kwanza ni toleo gani linalopakiwa na mfano ulinakiliwa kutoka toleo gani. Mara nyingi jibu liko hapo.

Mpangilio wenyewe unategemea gridi ya safu wima 12. Unaandika row g-3 kwenye kisanduku cha nje, kisha kila sehemu unaipa upana wake: col-12 kama inachukua mstari mzima, col-md-6 kama inagawana mstari na mwenzake kuanzia skrini ya pikseli 768. Chini ya upana huo kila kitu kinashuka kimoja kimoja, na kwenye simu ndivyo inavyotakiwa. Kwa hili naipa Bootstrap alama zote. Hakuna hesabu za asilimia za kuandika kwa mkono, na nafasi kati ya visanduku inabaki sawa fomu nzima.

Lakini urahisi huo unawashawishi watu kujaza gridi kwa sababu tu ipo. Utaona fomu ya safu mbili ndefu, na anayejaza hajui ashuke kwanza au avuke kwanza. Akishuka, upande wa kulia unabaki na mapengo, kisha fomu inamkatalia. Mimi naweka safu moja. Sehemu mbili zinakaa mstari mmoja pale tu zinaposomwa kama kitu kimoja: jina la kwanza na jina la ukoo, au siku, mwezi na mwaka. Na kuna klasi za order ambazo hubadilisha mpangilio kwa macho tu. Zisitumike kwenye fomu. Kitufe cha Tab na kisoma skrini hufuata mpangilio ulivyoandikwa kwenye HTML, kwa hiyo mtu asiyeona atapelekwa njia tofauti na ile unayoiona wewe kwenye skrini.

Lebo ndipo ninapogombana na Bootstrap, hasa zile zinazoelea, form-floating. Zinapendeza kwenye picha ya maonyesho: neno moja ndani ya kisanduku, ukianza kuandika linapanda juu na kuwa dogo. Sasa weka lebo ya fomu halisi, kama "Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho", ifungue kwenye simu, na utaona inavyokatwa katikati. Lebo zetu ni ndefu kwa sababu zinaeleza, na maelezo yasiyosomeka hayana kazi. Narudi kwenye form-label ya kawaida, juu ya kisanduku, ikiwa na for inayolingana na id. Faida yake inaonekana zaidi kwenye visanduku vya tiki. Kisanduku chenyewe ni cha pikseli 16 kwa 16, kidogo mno kwa kidole gumba, ilhali WCAG 2.2, mwongozo wa kufanya wavuti itumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, wa Oktoba 2023, unataja pikseli 24 kwa 24 kama kiwango cha chini cha kitu cha kubonyeza, ukiacha hali chache zilizoruhusiwa. Lebo ikifungwa sawasawa na kisanduku chake, sentensi nzima inabonyezeka.

Usitumie form-control-sm ili kubana nafasi. Inashusha maandishi hadi pikseli 14, na Safari ya iPhone hukuza ukurasa kila mtu anapogusa kisanduku chenye maandishi ya chini ya pikseli 16. Fomu inamkimbia mtu mkononi kwa ajili ya nafasi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Yapo mambo ambayo Bootstrap haiyagusi kabisa nawe unabaki nayo: autocomplete="tel" ili simu ijaze namba yenyewe, inputmode="numeric" ili kibodi ya tarakimu ifunguke. Namba ya kitambulisho usiipe type="number". Si kiasi cha kuongeza na kupunguza, na vishale pembeni mwake ni mtego mtupu.

Sasa nifike kwenye kipimo changu. Bootstrap ina njia mbili za kuonyesha kosa. Ya kwanza ni klasi was-validated juu ya fomu nzima. Hiyo siipendi. Mtu akibonyeza Tuma, kila kisanduku kinachokubalika kinageuka kijani pamoja na alama ya vema, hata kile cha hiari alichokiacha tupu. Katikati ya kijani chote hicho, kisanduku kimoja chekundu ndicho kinachomhusu, na inabidi akitafute. Njia ya pili ni kuweka is-invalid kwenye kisanduku chenye kosa peke yake, na chini yake ujumbe wenye klasi invalid-feedback. Hii ndiyo ninayoitumia, kwa sababu hata seva inaweza kuiandika pale inaporudisha fomu: "Tarehe hii haijafika. Andika tarehe yako ya kuzaliwa."

Ina sharti moja ambalo linawatesa wengi. Ujumbe huonekana tu ukiwa baada ya kisanduku, ndani ya mzazi uleule. Ukikifunga kisanduku ndani ya div nyingine ili kukipamba, uhusiano unakatika: mstari mwekundu unabaki, maneno yanatoweka. Mtu anaambiwa amekosea, haambiwi amekosea nini. Kwa asiyeona hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa Bootstrap haiunganishi ujumbe na kisanduku kwa niaba yako. Lazima uandike mwenyewe aria-describedby kwenye kisanduku, ikitaja id ya ujumbe. Mwongozo wao unalisema hili waziwazi, na nawashukuru. Ila jambo la lazima kwa mtumiaji limefanywa kuwa la hiari kwa mwandishi wa msimbo, na matokeo yake yapo kwenye fomu tunazozijaza kila siku. Hukumu yangu kwa upande huu: Bootstrap inajua kusema kosa liko wapi, lakini inangoja uifundishe kila mara.

Nginx ni kinyume chake kabisa. Seva hii ya Igor Sysoev, iliyotolewa kwa umma mwaka 2004, inampa mtumiaji ukurasa mweupe wenye maneno mawili, 403 Forbidden, na jina lake chini. Kwa mtu aliyemaliza kujaza maombi yake hilo ni tusi. Anadhani amekatazwa yeye. Lakini fungua faili la makosa, kwa kawaida /var/log/nginx/error.log, na utakuta seva inayozungumza kwa usahihi ambao nautamani kwenye programu nyingine zote.

Namba ni hiyohiyo, 403, lakini faili la makosa linatenganisha magonjwa. Ukisoma "directory index of … is forbidden", hakuna tatizo la ruhusa: mtu ameomba folda, ndani yake hamna ukurasa wa kwanza, na Nginx imekataa kuorodhesha yaliyomo. Ama faili halijapakiwa, ama jina lake halimo kwenye orodha ya index. Ukisoma "access forbidden by rule", kuna mstari wa deny, yaani wa kuzuia, kwenye mipangilio, na kuhangaika na ruhusa za mafaili ni kupoteza jioni. Ukisoma "(13: Permission denied)", hapo ndipo mfumo wa Linux wenyewe umekataa, na ujumbe unataja njia kamili ya faili lililokataliwa. Wapo wanaobadilisha ruhusa kwanza na kusoma baadaye. Nawasihi wasome kwanza, kwa sababu tiba ya ugonjwa mmoja haigusi mwingine.

Hiyo 13 ndiyo yenye mafumbo. Faili linaweza kuwa na ruhusa 644, yaani kila mtu analisoma, na bado seva ikakataliwa. Sababu ni folda zilizo juu yake. Kwenye folda, herufi x ndiyo ruhusa ya kupita. Ni kama nyumba yenye milango mingi, ambapo chumba cha ndani kuwa wazi hakusaidii kama mlango wa sebule umefungwa. Kila folda kuanzia mzizi hadi faili inahitaji x kwa mtumiaji anayeendesha Nginx. Jambo hili limewagusa wengi tangu Ubuntu 21.04, ambapo folda za nyumbani za watumiaji wapya zilianza kuundwa na ruhusa 750, isiyowaachia watu wengine x, badala ya 755 iliyozoeleka. Tovuti iliyowekwa ndani ya /home kwa maelekezo ya zamani, hatua kwa hatua bila kuruka hata moja, inaishia kwenye 403.

Amri ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii ni namei -l ikifuatiwa na njia ya faili. Inaorodhesha kila folda njiani pamoja na mwenyewe (yaani mmiliki), kundi lake na ruhusa zake, mstari mmoja kwa kila ngazi. Macho yanashuka hadi pale x inapokosekana, na tatizo limeonekana. Ukitaka uthibitisho, jaribu kama seva yenyewe: sudo -u www-data stat na njia ileile. Jina www-data ni la Debian na Ubuntu. Vifurushi vinavyotolewa na mradi wa Nginx wenyewe hutumia mtumiaji anayeitwa nginx. Tofauti hiyo ndogo huzaa kosa jingine. PHP-FPM, programu inayoendesha PHP kwa niaba ya Nginx, husikiliza kwenye soketi, faili maalumu la mawasiliano, ambayo kwa kawaida ina ruhusa 0660, kwa mwenyewe na kundi lake tu. Nginx ikiendeshwa na nginx huku soketi ikiwa ya www-data, kurasa za HTML na picha zinafunguka vizuri, ila fomu ikitumwa inajibu 502, yaani Nginx imeshindwa kupata jibu kutoka kwa PHP. Kwenye faili la makosa ni 13 ileile, safari hii ikiwa na maneno "while connecting to upstream". Rekebisha listen.owner na listen.group kwenye mipangilio ya PHP-FPM, umemaliza.

Kosa ninalotaka kila mwenye fomu alijue ni lile linalochagua watu. Mwili wa fomu ukiwa mdogo, Nginx huushika kwenye kumbukumbu. Ukizidi kiasi kilichowekwa na client_body_buffer_size, ambacho kwa kompyuta nyingi za leo ni kilobaiti 16, huandikwa kwanza kwenye folda ya muda, mara nyingi chini ya /var/lib/nginx. Sasa folda hiyo, au iliyo juu yake, ikiwa na mwenyewe asiye sahihi, tuseme baada ya mtu kubadilisha mtumiaji wa Nginx, fomu zenye maandishi matupu zinapita bila shida, na zile zenye picha zinapata 500, kosa la seva. Anayejaribu fomu kwa haraka bila kiambatisho ataapa kwamba iko salama. Malalamiko yatakuja kutoka kwa watu wale tu waliotii maelekezo yote na kuambatisha cheti. Na Nginx imeandika yote: njia ya folda, namba 13, jina la ukurasa. Kwa hili naiheshimu sana.

Kasoro yake moja ya kweli iko kwenye mifumo yenye SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux unaotumia lebo juu ya ruhusa za kawaida, kama Fedora na jamaa zake. Hapo 13 inaweza kutoka kwa SELinux huku ruhusa za kawaida zikiwa safi kabisa, na Nginx haiwezi kutofautisha. Maneno ni yaleyale. Hutokea sana mafaili yakipakiwa kwenye folda ya nyumbani kisha kuhamishwa kwa mv, kwa sababu mv hubeba lebo ya usalama ya kule yalikotoka. Ukiona namei haina lawama, tazama ls -Z, na audit.log kwa maneno "avc: denied". restorecon -Rv hurudisha lebo za mafaili ya kusomwa. Folda ya kupokea viambatisho inahitaji lebo ya httpd_sys_rw_content_t iliyowekwa kwa semanage. Kuzima SELinux yote kwa ajili ya picha za pasipoti siwezi kukubali.

Wala 777, ruhusa inayomwachia kila mtu kusoma, kuandika na kupita, siikubali. Naiona ikipendekezwa kila mahali, na najua kwa nini: inafanya kazi. Inafanya kazi pia kwa kila programu nyingine iliyomo kwenye seva hiyo, ikiwemo ile usiyoitaka. Anayeandika kiambatisho kwenye diski ni PHP, wala si Nginx, kwa hiyo folda moja tu ya kupokelea iwe mali ya mtumiaji wa PHP-FPM kwa ruhusa 750, na ikae nje ya folda ya tovuti ili faili la hila lililopakiwa lisiweze kuendeshwa kama ukurasa.

Limebaki jambo moja ambapo vyombo vyote viwili vinaweza kumdanganya mtu kwa pamoja, nalo ni ukubwa wa faili. Nginx kwa chaguo-msingi hukubali mwili wa megabaiti 1. Ukizidi, jibu ni 413, na faili la makosa linasema "client intended to send too large body". Watu hupandisha client_max_body_size hadi 20 na kuridhika. PHP nayo ina mipaka yake: upload_max_filesize ya megabaiti 2 kwa faili moja, post_max_size ya 8 kwa fomu nzima. Fomu ikizidi hiyo 8, PHP haikati faili peke yake. Inaiacha $_POST tupu na $_FILES tupu, yaani pale msimbo unaposoma maandishi na mafaili yaliyotumwa. Jina halipo, tarehe haipo, hata ile tokeni ya siri ya kuzuia fomu bandia haipo. Msimbo usiolijua hili unafanya moja kati ya mawili. Ama unarudisha fomu ikiwa nyekundu tupu, kila kisanduku kikisema "Sehemu hii inahitajika" kwa mtu aliyejaza zote, ama unaona tokeni imekosekana na kujibu 403. Msimamizi anakimbilia chmod, amri ya kubadilisha ruhusa. Ruhusa hazina hatia yoyote hapo, na error.log ya Nginx ikitafutwa 13 haitakuwa nayo. Kidokezo pekee ni onyo la PHP kwamba "POST Content-Length" imezidi kikomo.

Kwa hiyo mipaka naipanga kwa ngazi: ya Nginx iwe kubwa kuliko post_max_size, na post_max_size kubwa kuliko upload_max_filesize. Kwa mpangilio huo, picha iliyozidi kidogo inafika hadi kwa PHP, maandishi yote yanasalimika, na PHP inarudisha namba ya kosa kwa faili lile tu. Msimbo unaigeuza kuwa is-invalid kwenye kisanduku cha picha, na ujumbe chini yake: "Picha hii imezidi megabaiti 2. Chagua ndogo zaidi." Mwanzoni mwa msimbo naweka pia ukaguzi: ombi la POST lenye Content-Length kubwa lakini $_POST tupu lijibiwe kwa maneno ya ukubwa, kabla ya kufika kwenye tokeni. Na kwenye kivinjari chenyewe, mistari michache ya JavaScript husoma ukubwa wa faili pale linapochaguliwa, kabla hata megabaiti moja haijatumwa.

Kisanduku cha faili hakiwezi kujazwa tena na seva baada ya kosa. Vivinjari vinakataza kwa ajili ya usalama, na Bootstrap haina la kufanya hapo. Mtu aliyekosea tarehe atalazimika kuchagua cheti chake upya. Ndiyo maana viambatisho siku hizi naviweka kwenye ukurasa wa pili, baada ya maandishi yote kukubaliwa na kuhifadhiwa.